Maziwa yalikuja na mtoto tumeshamzika (jibu kwa kaka aliyeuliza kuhusu mkewe)

Kaka yangu pole sana, na wifi yangu mfikishie pole zangu. Nilisoma ulichoandika jana usiku nikashindwa kujibu, nikasema ngoja kuche nijibu nikiwa nimetulia. Kwa ambao hawakuliona swali, kaka anasema mtoto wao wa kwanza alifariki siku moja baada ya kuzaliwa, sasa ni wiki mbili, mkewe maziwa bado yanatoka na kila yakitoka analia, ndugu wanasema hana subira na kulia huko ni kukufuru, yeye mwenyewe amesharudi kazini ila anakaa tu kwenye kiti, usiku halali, anachemka kwa kitu kidogo, na akifika nyumbani jioni hajui aseme nini. Anauliza pia maziwa yanakaushwaje. Na tangu juzi titi moja la mkewe limekuwa gumu, jekundu, na anasikia baridi.

Naanza na hilo la mwisho maana halisubiri. Titi gumu la moto lenye wekundu na mtu anatetemeka baridi, hiyo si huzuni, huenda ni uvimbe wa titi wenye maambukizi na ukiachwa unaweza kuwa jipu la kupasuliwa. Mpeleke hospitali leo leo, usingoje wikiendi. Na mtu yeyote asije akaliminya kwa nguvu eti kutoa uchafu. Ukishatoka huko ndio urudi usome haya mengine.

Mimi yalinikuta 2017, Tanga, tulikuwa tunakaa Ngamiani. Mimba ya kwanza. Nilipofika wiki ya 32 presha ikapanda, miguu imevimba, kichwa kinauma macho yanaona vimulimuli, hospitali wakasema hii inaelekea kifafa cha mimba, mtoto atolewe. Akatolewa usiku, wa kiume, akalia kidogo sana sauti kama ya kitoto cha paka. Daktari alikuja kunieleza taratibu kwamba mapafu ya mtoto ndani yanahitaji utelezi fulani unaitwa safaktanti, bila huo utelezi vile vifuko vidogo vya hewa vinanatana kila akitoa pumzi, anaanza upya kuvifungua kila mara mpaka anachoka, na huo utelezi unakuja kutosha kwenye wiki ya 34 au 35. Yani wiki mbili tatu tu. Nilikaa na hizo wiki kichwani miezi, nahesabu, nasema ningepunguza chumvi, ningelala zaidi, ningewahi kliniki. Mwanangu aliishi usiku ule na mchana wake, kwenye alasiri akaenda.

Kwetu maiti hacheleweshwi. Na kwa kuwa alilia basi alikuwa na haki zote za maiti, akaoshwa, akavishwa sanda, akasaliwa, kesho yake asubuhi akazikwa. Mimi nipo wodini na mshono na presha haijashuka. Hata ningekuwa nyumbani nisingekwenda, kwetu wanawake hatuendi makaburini kuzika. Kwahiyo kuzikwa kwa mwanangu sikukuona, nilikusikia tu kwa mama yangu, tumeshamaliza, amelala pazuri.

Sasa siku ya tatu usiku. Kushoto kwangu kuna mama na mtoto wake, kulia mama mwingine ana mapacha, wodi imejaa hakuna pengine pa kunilaza. Kama saa nane hivi pacha mmoja akaamka akalia, nikasikia kifua kinavuta kama sindano nyingi ndogo, kisha joto, kisha dera limelowa mpaka tumboni. Nikakaa kitandani nimeshika kanga kifuani nikaangalia ukutani. Kaka, hakuna msiba niliopewa kama ule. Kaburini walishafukia jana, na mwili wangu ndio kwanza unaandaa chakula.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia sekondari. Hizi homoni nimeziandika ubaoni miaka, na bado usiku ule sikukumbuka hata moja, niliona tu kama nimefanyiwa ukatili. Ngoja nikueleze ili umueleze mkeo kwa maneno yako. Mama anaanza kutengeneza maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano, tangu mimba ikiwa katikati. Kinachozuia yasimiminike ni homoni ya projesteroni ambayo kondo la nyuma linaimwaga kwa wingi. Kondo likishatoka, projesteroni inaanguka, prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, inabaki juu, na ndani ya siku mbili tatu hivi maziwa yanashuka. Hapo katikati hakuna mahali mwili unapouliza je mtoto yupo. Kwa mwili taarifa ni moja tu, kondo limetoka, basi mtoto kazaliwa, ana njaa. Na ile ya kusikia mtoto wa mwenzio analia ukalowa, hiyo ni oksitosini, ubongo ukisikia kilio unaiachia, oksitosini inakamua vile vifuko vya maziwa kwa ndani. Hata kilio cha mtoto wa kwenye daladala kinatosha. Mimi kilinikuta Barabara ya Nane nipo na mfuko wa nyanya mkononi.

Kwahiyo wanaosema hana subira waambie kwamba subira ni jambo la moyo na ulimi, maziwa hayapokei amri. Mkeo hakufuru, mwili wake unafanya kazi ulioumbiwa.

Namna ya kuyakausha, kwa kuwa umeuliza. Kanuni yake ni kwamba titi likikamuliwa likaisha linatengeneza tena, likibaki na maziwa linapunguza. Akamue kidogo tu ule uzito upungue aache. Avae sidiria inayomshika vizuri lakini isimbane, aweke kitambaa cha maji baridi, anywe panadol. Zipo dawa za kukausha ila daktari lazima ajue kama alikuwa na presha, mimi walininyima kwa sababu hiyo na walikuwa sahihi. Na hapa nataka kusema kitu kuhusu kina mama zetu, kwa heshima. Mama mkwe wangu alikuja kunikanda maji ya moto kama mzazi yeyote, akanifunga mkaja, akanipikia uji wa pilipili manga, sikuwa na mtoto lakini alinihesabu mzazi, na hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini. Ila maji ya moto kifuani yanayaita maziwa. Nikamwambia mama nikande kiuno na miguu kifua niachie, akanielewa.

Siku moja mama mkwe huyo huyo akasema, kwa nia njema kabisa, dada wa mume wangu ana mtoto wa miezi minne na maziwa yake haba, kwanini nisimnyonyeshe huyu maziwa yasipotee bure. Kuna wanawake jambo hilo limewaponya, simkatazi mtu, mradi vipimo vimefanyika na familia inajua kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi akinyonya mara tano zilizotengana ameshakuwa mwanao wa kunyonya, na wanao utakaozaa ni ndugu zake hawaoani. Lakini mimi nilisikia kama nimeambiwa nivue nguo za mwanangu nimvishe mwingine. Sikuweza kujibu. Mume wangu alikuwa mlangoni anavua viatu, akasema, "Mama, hayo maziwa yana mwenyewe. Muacheni." Akaingia chumbani. Hakusema kingine siku nzima, na mimi ile kauli niliishi nayo wiki.

Nije kwenye dini sasa maana ndiko walikokubana. Kwanza ujue mkeo yuko kwenye nifasi, yani damu ya uzazi. Kwa madhehebu yetu kawaida yake siku 40 na mwisho siku 60, na muda wote damu ikiwepo hasali wala hafungi. Wanaume wengi hamlifikirii hili. Wewe ukizidiwa unatandika mswala unasujudu unalia humo humo, yeye kipindi anachomhitaji Mungu kuliko wakati wowote ndio kipindi ambacho sala imeondolewa kwake. Mimi niliona kama na Mungu naye kanifungia mlango. Mwalimu wetu wa chuo, mama mtu mzima aliyenifundisha alifu bee te, akanikalia kitandani akaniambia mwanangu umepewa ruhusa hujafukuzwa, dua ipo, dhikri ipo, kumsalia Mtume ipo, shika tasbihi.

Nikashika tasbihi. Na jirani yangu ukuta kwa ukuta ni mama Mkatoliki, yeye alimpoteza mwanawe mkubwa, jioni anakuja na rozari yake anakaa kwenye kigoda, mimi subhanallah yeye salamu Maria, kila mtu kwa sauti ya chini, hatuongei, tukimaliza anaosha vikombe anaondoka. Baadaye nikiwa naandaa somo la upumuaji nikakuta kwamba watafiti wa Italia walipima jambo hilo hilo, wakachapisha 2001 kwenye jarida la madaktari wa Uingereza, watu wakisali rozari kwa Kilatini, na wengine wakisoma maneno ya yoga, pumzi inashuka mpaka kama 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia anapumua 12 mpaka 20, na mapigo ya moyo na presha vinaanza kwenda kwa mpangilio mmoja na pumzi. Ukitoa pumzi ndefu mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo mpaka moyoni unautuliza moyo. Tasbihi hawakuipima lakini mimi kifua changu nakijua, nikifika ya 33 ule mkazo wa kooni unakuwa umelegea. Sisemi dhikri ni mazoezi ya mapafu, Mungu aniepushe. Nasema aliyetuamrisha kumtaja ndiye aliyeumba huo mshipa.

Na hilo la kulia ni kufuru. Mtume wetu, swala na salamu zimshukie, alifiwa na mwanawe Ibrahim mtoto wa Bi Maria, mdogo bado ananyonya. Alimshika anakata roho na machozi yakamtoka. Wakamshangaa, na wewe Mtume unalia? Akasema hii ni rehema, kisha akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika na hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Siku ile jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim, akawakatalia, akasema jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kuzaliwa kwake. Hapo mimi nilipata jibu la wale waliokuwa wananong'ona kwamba kuna jicho, kuna mtu kanifunga, au nilikosea jambo nikaadhibiwa. Kama kifo cha mtoto wa Mtume hakikuwa ishara ya jambo lolote, cha mwanangu kitakuwaje.

Lakini lililonipasua kabisa ni lile ambalo mwalimu wa chuo alilisema akiwa ameshasimama anatafuta makobazi yake, kwamba Mtume alisema Ibrahim ana mnyonyeshaji peponi. Liko kwenye kitabu cha hadithi cha Bukhari. Nikamwambia mwalimu rudia. Akarudia. Kaka, mimi nimesikia mawaidha ya misiba tangu mtoto, subira, dunia njia, sote tutarejea, na yote ni haki, lakini hakuna aliyewahi kunigusia kwamba suala la maziwa ya mtoto aliyekufa lilishazungumzwa. Kwamba kuna anayemnyonyesha. Usiku ule yalipotoka sikuangalia ukuta. Nililia bado, lakini nilikuwa namuombea.

Basi utadhani hapo nimepona. Maziwa yalikauka kama wiki ya tatu, nifasi ikaisha, nikasali, nikarudi kufundisha. Ila mimi na mume wangu tukawa tunaishi kama wapangaji wawili, salamu, chakula, hela ya umeme. Mimi moyoni nasema huyu hajaumia, siku ya nne tu alirudi dukani. Yeye kumbe anasema moyoni huyu akiniona atakumbuka, bora nichelewe kurudi. Miezi minane hivyo hivyo!

Mpaka siku moja umeme umekatika tumekaa barazani, nikamuuliza tu, sijui nilipata wapi nguvu, siku ile ulinunua wapi sanda. Akanyamaza muda mrefu nikajua hatajibu. Kisha akasema aliingia duka la vitambaa akaomba bafta, muuzaji akamuuliza mayadi mangapi, akashindwa kutaja, akafungua mikono yake hivi, mkono mmoja hapa na mwingine hapa, akamuonyesha. Muuzaji akaangalia ile mikono, akakata, akakunja, na hela akakataa. Na akanieleza kwamba hawakutumia jeneza, alimbeba mwenyewe mikononi mpaka kaburini, na njiani alikuwa anamfunika jua kwa kofia yake ingawa anajua. Akaniambia ameshuka mwenyewe mwanandani akamlaza kwa ubavu wa kulia, na kwamba alikuwa mwepesi mno, na mpaka leo akishika kitu chepesi dukani mikono inakumbuka. Hayo yote alikuwa nayo miezi minane peke yake. Na mimi nikamwambia ya wodini, saa nane usiku, mapacha, dera. Hakuwa anajua. Alijua maziwa yanatoka, hakujua kwamba yalikuja kwa kilio cha mtoto wa mtu.

Hili ndilo nililokuja kukuandikia kaka, mengine yote ni njia ya kufikia hapa. Kwa desturi zetu mwanaume anazika na mwanamke anabaki na mwili wake uliozaa. Wewe uliona kaburi, yeye ameona maziwa. Kila mmoja ana nusu ya mtoto na anaificha asimuumize mwenzie. Unauliza ukifika nyumbani useme nini, mwambie ulichokiona. Alivaa nini, nani alikushika bega, udongo ulikuwaje. Usimwambie Mungu atatupa mwingine, hata kama atawapa. Huyu alikuwa huyu. Kama mlimpa jina mtajeni, Mtume alimpa mwanawe jina usiku ule ule aliozaliwa. La kwetu tunalo sisi wawili na siku zingine analitaja mume wangu tu bila sababu, anakunywa chai analitaja.

Na wewe usijidanganye kwamba mwili wako haumo. Kule Cebu, Ufilipino, waliwafuatilia vijana wa kiume miaka kadhaa, matokeo yakatoka 2011, waliokuja kuwa baba testosteroni yao, ile homoni ya kiume, ilishuka sana kuliko wasiopata watoto, na wanaokaa na watoto wao saa nyingi kwa siku ndio ilikuwa chini zaidi. Mwili wa mwanaume nao unajipanga kulea. Kwahiyo hiyo hali yako ya kukaa kwenye kiti kazini mikono haina kazi, kutolala, kuchemka kwa kitu kidogo, usione ni udhaifu. Na ikiwa mmoja wenu ataanza kusema bora naye afe, au siku zinapita hali wala halali, hapo ni hospitali, na Mungu hachukii mtu kwenda hospitali kwa ajili ya akili kama asivyochukia kwenda kwa ajili ya titi.

Usiku ule wa barazani nilimwambia mume wangu na kitu kimoja nilichokuwa nakijua kwa kazi yangu nikawa sijawahi kukiunganisha na sisi. Mtoto akiwa tumboni seli zake chache zinavuka kondo zinaingia kwenye damu ya mama, na akitoka hazitoki zote. Mwaka 1996 wanasayansi wa Marekani waliwapima wanawake waliowahi kubeba watoto wa kiume wakazikuta seli zenye kromosomu Y kwenye damu yao, mmoja miaka 27 baada ya kuzaa. 2012 wengine wakakuta alama hizo hizo kwenye ubongo wa wanawake waliokwisha kufariki. Zinafanya kazi gani humo bado wanabishana. Na mwanamke hana Y, ile Y inatoka kwa baba. Nikamuelezea kwa mwanga wa simu, nikamchorea kwenye bahasha ya risiti, akauliza mara mbili, una maana humo ndani yako kuna chake na changu? Nikamwambia ndio, inawezekana kabisa, ndivyo miili ya mama ilivyo. Akachukua ile bahasha akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Tuliwapata wengine wawili baadaye, alhamdulillah, wako shule. Ijumaa mume wangu akitoka msikitini anapita makaburini, akirudi ananiambia nyasi zimefika wapi, kama kuna mtu kapalilia, kama mvua imebomoa pembeni. Mimi siendi lakini naijua ile sehemu kama kiganja changu.

Hapa Tanzania kwa takwimu za 2022 watoto 24 katika kila 1000 wanaozaliwa hai hawafiki mwezi mmoja, kwahiyo huku mtaani kwenu, kazini kwako, kuna akina mama na baba wamekaa kimya na haya haya. Hata hapa nina hakika wapo wanasoma.

Mpeleke kwanza wifi hospitali kwa hilo titi. Wakishampa dawa na homa ikashuka, kaa naye muanze na sanda au muanze na maziwa, popote. Nitapita tena jioni nione mmeambiwaje.